Kuvusha Mahindi Namanga kwa Ushuru Sifuri: Mwongozo Kamili wa Mfanyabiashara Mdogo

"Si walisema ushuru ndani ya Afrika Mashariki umefutwa? Mbona nimetozwa?"

Hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na anayeuliza huwa ameshalipa, ana hasira, na mara nyingi hana hata risiti. Jibu langu ni lilelile kila siku. Ushuru wa forodha umefutwa kwa bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, tena kwa mtu mwenye karatasi inayothibitisha hivyo. Mahindi yako yanaweza kuwa yamelimwa Kongwa na shangazi yako mwenyewe, lakini bila cheti, mbele ya afisa wa forodha hayana kwao. Na mahindi yasiyo na kwao yana kiwango chake cha ushuru kwenye kitabu: asilimia 50.

Mwongozo huu unafuata mzigo mmoja, mahindi yanayonunuliwa soko la Kibaigwa na kuvushwa Namanga kwenda Kenya. Nimechagua mahindi kwa sababu yana masumbuko yote: ushuru, sumukuvu (sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka), vibali na siasa. Ukiweza kuvusha mahindi, maharage na machungwa hayatakushinda.

Kwanza, unadai haki gani?

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Umoja wa Forodha ulianza kazi Januari 2005, Soko la Pamoja likafuata Julai 2010. Leo wanachama ni nane: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Somalia.

Umoja wa Forodha una pande mbili. Ndani, bidhaa za wanachama hazitozwi ushuru wa forodha. Nje, wote wanatumia ukuta mmoja: bidhaa inayotoka nje ya Jumuiya hutozwa sifuri, asilimia 10, 25, au 35 (hiyo ya 35 iliongezwa Julai 2022). Juu ya hapo kuna bidhaa nyeti, ambazo nchi zetu zinazilinda kwa nguvu zaidi: mahindi asilimia 50, mchele 75, sukari 100. Ukiona afisa anachunguza sana gunia la mchele, kumbuka tarakimu hizo. Tofauti kati ya mchele wa Kyela na wa Pakistani ni tofauti kati ya sifuri na robo tatu ya thamani ya mzigo. Hata ukuta wenyewe una matundu, maana Kenya imekuwa ikiomba ruhusa ya kutoza mchele wa nje asilimia 35 badala ya 75, na mwanya wa aina hiyo ndio unaowafanya majirani kushuku mchele unaovuka kutoka kwake.

Vijana wanaoona mpaka kama usumbufu tu wawaulize wazee. Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Miaka sita hapakuvuka gunia kihalali.

Hatua ya 1: Jua mzigo wako ni mzaliwa wa wapi

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa kudhani kwamba bidhaa iliyonunuliwa Tanzania ni bidhaa ya Tanzania. Kitenge cha China ulichonunua Kariakoo ni cha China. Kukilipia ushuru Dar es Salaam hakukukipa uraia.

Kilicholimwa, kuvuliwa, kuchimbwa au kufugwa ndani ya nchi mwanachama ni chake moja kwa moja. Mahindi, maharage, dagaa wa Mwanza, asali ya Tabora havina mjadala. Bidhaa ya kiwandani yenye malighafi kutoka nje hupimwa kwa kanuni za uasili za mwaka 2015: kwa bidhaa nyingi, malighafi ya nje isizidi asilimia 70 ya bei ya bidhaa ikitoka kiwandani. Kufungasha upya, kuchanganya au kubandika lebo hakuhesabiki. Ukinunua unga wa nje wa kilo 50 ukaugawa kwenye pakiti za kilo mbili zenye picha ya twiga, bado ni unga wa nje.

Ubishi wa jambo hili huwafika hata wakubwa. Mwaka 2018 Tanzania ilitoza peremende za Kenya asilimia 25, hoja ikiwa kwamba zimetengenezwa kwa sukari ya viwandani iliyoingizwa kwa msamaha wa ushuru. Ikiwa viwanda vyenye wanasheria vinakwama kwa sababu ya sukari, wewe mwenye gunia ishirini usichanganye mahindi ya Kibaigwa na mengine usiyojua yalikotoka. Ukichanganya, umeharibu yote.

Hatua ya 2: Hakikisha unatumia mkataba unaohusika

Namanga, Holili, Horohoro, Sirari, Mutukula, Rusumo na Kabanga unadai haki ya Afrika Mashariki. Tunduma ni hadithi nyingine. Zambia haimo kwenye Jumuiya yetu. Ni mwanachama wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, kwa hiyo mzigo wa Mtanzania unaoingia Nakonde, upande wa Zambia, unakwenda kwa cheti cha SADC. Nimewahi kuona mama mmoja amebeba cheti sahihi kabisa, kimejazwa vizuri, mhuri juu, ila ni cha mkataba usiohusu nchi aliyokuwa anaingia. Alirudi Tunduma kuanza upya na nyanya zake zikaiva njiani.

Kwa Kongo, Sudan Kusini na Somalia, jina la nchi kuwa kwenye orodha ya wanachama si sawa na kwamba forodha yake imeanza kutumia kila utaratibu. Kabla ya kupakia, mpigie simu mnunuzi wako wa upande ule aulize forodha ya kwao.

Hatua ya 3: Andaa mahindi yenyewe

Karatasi haziwezi kuokoa mahindi mabovu. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi makavu ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni kwa jumla, ambapo aina yake kali zaidi, B1, isizidi 5. Usione ni urasimu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwenzako wa upande ule anapouliza kuhusu sumukuvu, ana kumbukumbu ya misiba.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo. Malori yalipanga foleni, zuio likaondolewa ndani ya siku chache, lakini masharti yakabaki: anayeingiza awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti cha kipimo cha sumukuvu, na ijulikane mahindi yalilimwa eneo gani.

Sasa, sokoni Kibaigwa huna maabara. Fanya hivi. Chukua chupa ya kioo kavu kabisa, tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza chumvi kavu vijiko viwili, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu uliopita asilimia 15. Yaache kwanza, au mwambie muuzaji ayaanike tena. Chumvi isipoganda usishangilie mapema, maana kati ya 15 na 13.5 chupa haioni kitu. Hapo tafuta mwenye kipima unyevu. Kwenye masoko makubwa ya nafaka hukosi mtu mwenye nacho. Ingiza mkono katikati ya gunia pia, usipime ya juu tu. Muuzaji mjanja huweka makavu mdomoni.

Jingine ni vipimo. Usikubali lumbesa. Sheria ya vipimo Tanzania inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na kilemba kile cha juu kitakuletea maneno barabarani kabla hujafika Arusha. Kenya wenyewe hutaja bei kwa gunia la kilo 90. Mnunuzi wa Nairobi akikwambia "elfu tatu na mia sita kwa gunia", usizidishe kwa magunia yako ya kilo 100 ukadhani ndiyo pesa yako. Ni shilingi 40 za Kenya kwa kilo, na uandikiane naye kwa kilo. Nawajua watu waliogombana na wanunuzi wao wa miaka kwa kilo kumi hizo.

Hatua ya 4: Karatasi, kabla gari halijawaka

Risiti ya ununuzi yenye jina lako, tarehe, uzito na mahali. Risiti ya ushuru wa mazao wa halmashauri, kwa mzigo unaohusika nao. Kibali cha kusafirisha nafaka nje ya nchi kutoka Wizara ya Kilimo, kinachoombwa kwa mtandao. Cheti cha usafi wa mimea kutoka mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA. Cheti cha kipimo cha sumukuvu. Na kutoka upande wa Kenya, kibali cha kuingiza mazao, ambacho huombwa na anayeingiza, kwa KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea wa Kenya.

Kwa hilo la mwisho ushauri wangu ni mmoja: usijifanye mwingizaji wewe. Tafuta mnunuzi wa Kenya aliyesajiliwa, kibali kiwe kwa jina lake, na jina hilohilo lionekane kwenye ankara yako. Majina yakitofautiana kwa herufi tu, utakaa mpakani. Mimi mwenyewe niliwahi kulala mpaka mmoja, usiku kucha juu ya turubai, kwa sababu risiti ilikuwa na jina la dereva. Niliona tabu kumsumbua muuzaji aandike nyingine. Asubuhi nikamlipa kijana wa bodaboda aifuate risiti mpya kwa muuzaji, na gharama yake ilimeza faida ya gunia mbili.

Kwa safari yako binafsi, Mtanzania beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanapita wao kwa wao kwa vitambulisho vya taifa, sisi bado. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya thamani, kwa sababu inaamua cheti gani

Kuna Cheti Rahisi cha Uasili, kilichotengenezwa kwa ajili yetu wadogo. Kinatumika kwa mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Hujazwa palepale mpakani, afisa wa forodha anakisaini na kugonga mhuri. Ni bure, na hakihitaji wakala. Narudia, ni bure. Ukisema "cheti cha uasili" na afisa kijana akakukodolea macho, sema "sertifiketi ya orijini", mtaelewana.

Hesabu ya mfano: tuseme dola ni shilingi 2,500 na kilo ya mahindi ni shilingi 800. Dola 2,000 ni shilingi milioni tano, sawa na kilo 6,250, yaani gunia 62 za kilo mia. Canter imo ndani ya kiwango. Fuso yenye tani kumi imepita: ni milioni nane, dola 3,200. Kwa mahindi kiwango hicho kinatosha mtu kuanzia. Kwa bidhaa ya bei kali, iliki au asali, kinaisha haraka, kwa hiyo piga hesabu yako mwenyewe kwa bei za siku hiyo.

Ukipita kiwango, unahitaji cheti kamili. Kenya hutolewa na KRA, mamlaka ya mapato ya kule. Tanzania, TCCIA, yaani chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima, imekuwa ikitoa vyeti vya uasili kwa miaka mingi, lakini anza kwa kuuliza ofisi ya forodha ya mkoa wako. Hapo pia unahitaji wakala wa forodha mwenye leseni.

Kuna ujanja wa kugawa Fuso moja kwa majina matatu, kila mmoja na cheti chake. Maafisa wanaujua tangu zamani. Gari moja, dereva mmoja, mahindi ya rangi moja, wamiliki watatu ambao mmoja wao hajui mzigo una gunia ngapi: hapo mnachelewa wote. Kama kweli ni watu watatu, kila mtu aje na risiti yake na asimame na magunia yake.

Hatua ya 6: Siku ya mpakani

Namanga ni kituo cha pamoja. Kilifunguliwa rasmi Desemba 2018 na marais Magufuli na Kenyatta. Maana yake ni kwamba ukitoka Tanzania husimami upande wa Tanzania. Unavuka hadi jengo la upande wa Kenya, na humo ndani wamekaa maafisa wa nchi zote mbili. Wageni wasiojua hili husimama kule kwa kwanza, na hapo ndipo vishoka huwapata.

Fika asubuhi, siku ya kazi. Anza na uhamiaji, upate mhuri. Nenda kwa wakaguzi wa mimea na viwango na karatasi zako, wachukue sampuli wakitaka. Kisha forodha, na neno lako la kwanza liwe: "Naomba fomu ya cheti rahisi cha uasili." Usingoje upewe. Jaza mwenyewe kwa kalamu yako: jina, bidhaa, uzito, thamani, mahali ilikozalishwa. Andika "mahindi meupe makavu, Kongwa, Dodoma", usiandike "nafaka" tu. Baada ya mhuri, baki na nakala yako.

Sifuri hii ni ya ushuru wa forodha peke yake. Kodi ya ongezeko la thamani iko palepale kwa bidhaa zinazotozwa, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara. Mazao ghafi kama mahindi huwa yamesamehewa. Ada za ukaguzi na maegesho ya gari zipo pia. Kuna namna moja ya kutofautisha ada na chai: ada ya serikali ya Tanzania ina kontroli namba, na ya Kenya inalipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali yao. Mtu akitaja kiasi kwanza na akataka kiwekwe mkononi, mwombe namba ya malipo kwa upole. Mara nyingi ada hiyo hupotea ghafla.

Na njia za panya? Bodaboda atakupitisha pembeni gunia kwa gunia, na siku ya kwanza utaona ni rahisi. Jumlisha, ukipenda: bodaboda kwa kila gunia, mlinzi wa huku, mlinzi wa kule, gunia zinazopasuka, na bei ya chini utakayopewa na mnunuzi anayejua huna karatasi wala pa kulalamika. Mimi nilijumlisha kwa gunia kumi, na nikaacha.

Hatua ya 7: Ukikwamishwa

Vikwazo visivyo vya kiushuru ndiyo kaburi la mikataba yetu: zuio la ghafla, kipimo kinachorudiwa wakati cheti kipo, vizuizi vya barabarani. Jumuiya ina sheria ya kuviondoa, ya mwaka 2017, na kuna tovuti ya pamoja ya EAC (Jumuiya yetu), COMESA na SADC ya kuripoti, tradebarriers.org. Malalamiko ya "tunaonewa" hayafiki popote. Andika tarehe, saa, kituo, bidhaa, uzito, karatasi ulizokuwa nazo, ulichoambiwa, ulichopoteza kwa shilingi. Piga picha ya karatasi, usipige picha ya afisa. Kabla ya tovuti, jaribu dawati la taarifa za biashara pale mpakani na chama cha wafanyabiashara wanaovuka. Mambo mengi humalizwa na simu moja.

Kubwa likishindikana, ipo Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kufungua shauri dhidi ya hatua ya serikali inayokiuka Mkataba, bila kupitia kwanza mahakama za nchi yake, ila ndani ya miezi miwili. Kwa mtu mwenye gunia 30 haina maana. Kwa chama chenye wanachama mia tano walioozewa na mahindi siku moja, ina maana.

Kuhusu soko la bara zima

Eneo Huru la Biashara la Afrika lilitiwa saini Kigali Machi 2018, na biashara ikafunguliwa rasmi Januari 2021. Tanzania, Kenya na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi nane za majaribio mwaka 2022. Ni jambo kubwa, lakini halibadilishi kitu Namanga, kwa sababu Afrika Mashariki tayari imekupa sifuri. Likufikirishe siku utakapopata mnunuzi wa kahawa Accra. Cheti chake ni kingine.

Mzigo wa kurudi

Wengi hurudi na Canter tupu, na hapo nusu ya nauli imepotea. Haki uliyotumia kwenda inafanya kazi kurudi. Sabuni, mafuta ya kujipaka au betri zilizotengenezwa Kenya na kukidhi kanuni za uasili zinaingia Tanzania bila ushuru wa forodha, kwa cheti hichohicho rahisi, thamani ikiwa ndani ya dola 2,000. Kodi ya ongezeko la thamani utalipa, iweke kwenye hesabu kabla hujanunua. Mtake muuzaji wa Nairobi akuandikie ankara inayotaja kiwanda, siyo duka tu. Bidhaa za soko la Eastleigh, Nairobi, zilizotoka Dubai ziache, au zilipie ushuru wake kamili. Na usifungashe chochote kwenye mifuko ya plastiki: Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na kwa hilo mpaka hauna mzaha kwa upande wowote.

Safari hii jengo lako ni la upande wa Tanzania.